Maswali Yenu: Mashimo ya Taylors Falls, Unaenda Lini na Unavaa Nini

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya kitu kimoja, hifadhi ya Interstate pale Taylors Falls, Minnesota, ile yenye mashimo makubwa kwenye miamba. Nimefurahi sana maana hapo ni mahali ninapopapenda kwa dhati, na ninaona watu wetu wengi wamekaa jimbo hili miaka na miaka bila kufika. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Msomaji wa Nanyuki uliyelalamika kwamba tunasifia mawe ya watu wengine wakati sisi tuna mlima, swali lako liko chini kabisa na nimelijibu.

Mama Baraka, Brooklyn Park: *Habari za kazi dada. Kanisani kuna mama katuonyesha picha za mashimo kwenye mawe, anasema yalichimbwa na barafu ya zamani na ni mwendo wa saa moja hivi toka kwetu. Nina watoto watatu, wikendi nzima wako kwenye simu. Kweli kuna kitu cha kuona au ni mawe tu? Sitaki kuunguza mafuta bure.*

Mama Baraka, nenda. Na usiende kimya kimya, wasimulie watoto wakiwa ndani ya gari kabla hamjafika, maana ile hadithi ndo inafanya mawe yaongee.

Miamba mtakayoikanyaga pale ni lava, volkano kabisa, iliyomwagika miaka kama bilioni 1.1 iliyopita wakati bara hili lilikuwa linataka kupasuka katikati vile vile Bonde la Ufa la kwetu linavyopasuka leo. Ule mpasuko wao ukaishia njiani, wa kwetu bado unaendelea. Kwa hiyo ukimwambia mtoto kwamba jiwe jeusi lililo chini ya mguu wake Minnesota limezaliwa kwa namna ile ile moja na mawe ya volkano ya kule Naivasha au Arusha, humdanganyi.

Halafu ikaja enzi ya barafu. Barafu ikafunika nchi nzima hii ya kaskazini, na ilipoanza kuyeyuka, miaka kama elfu 10 iliyopita, upande wa kaskazini kukawa na ziwa kubwa la maji ya barafu, wataalamu wanaliita Glacial Lake Duluth, ndo mzazi wa Ziwa Superior la sasa. Maji yake hayakuweza kutoka kwa mashariki kwa sababu huko barafu ilikuwa bado imeziba, yakatafuta njia kusini, na njia yenyewe ndo hili bonde la mto St. Croix. Sasa fikiria maji ya ziwa zima yanajisukuma kwenye korongo jembamba la mwamba mgumu. Yakifika mahali penye kona au ufa yanajizungusha palepale, mchanga na mawe yaliyonaswa ndani yanazunguka nayo mwaka hadi mwaka, yanasaga kwenda chini, mwamba ukawa kinu na mawe yakawa mchi. Kwa hiyo yule mama wa kanisani yuko karibu kabisa na ukweli, ila kazi kubwa ya kuchimba ilifanywa na maji ya barafu iliyoyeyuka.

Shimo maarufu zaidi linaitwa Bottomless Pit, yaani shimo lisilo na mwisho, lakini mwisho upo, ni futi 60 kwenda chini, mita 18 hivi, upana wake kama futi 10. Ukisimama ukingoni ukachungulia, kuta zake laini zimenyooka utadhani kuna mtu alizipiga randa. Ndani ya baadhi ya mashimo walikuta yale mawe yenyewe yaliyokuwa yanasaga, yameviringika kabisa. Wale wa kwenu watataka kuondoka na jiwe mfukoni, waambie mapema kwamba hairuhusiwi kuchukua kitu.

Njia ya mashimo ni fupi mno, mtoto wa miaka minne anaimaliza kwa miguu yake, lakini ina ngazi na mawe yasiyo sawa na kuna sehemu ukingo uko wazi. Watoto watatu maana yake unahitaji mtu mzima mwingine, tafadhali usiende nao peke yako mara ya kwanza.

Baba Imani, St. Cloud: *Sisi huwa tunaenda Julai tu, mara moja, basi. Mke wangu anasema twende hata baridi, mimi naona ni kujitesa. Dada amua wewe.*

Kaka, siwezi kuingilia ndoa ya watu lakini kwa hili shemeji ana hoja. Kwenda Julai tu ni kukiona kile mahali kikiwa kimevaa nguo nyingi. Majani yakipukutika Novemba ndo unaona mwili wa bonde, kuta za mwamba mpaka chini mtoni, unaelewa kabisa maji yalipita wapi. Mi binafsi msimu ninaoupenda ni huo, baada ya majani kuisha na kabla theluji nzito haijaanza. Watu wachache, hakuna mbu, na maegesho tele.

Baridi yenyewe sasa. Januari usiku kushuka chini ya nyuzi -20 sentigredi si ajabu hata kidogo na mchana mara nyingi iko chini ya sifuri, sasa usiseme "tutavumilia" kama tunavyosema Limuru au Mbeya. Kinachoumiza ni upepo. Kukiwa na upepo mkali kwenye baridi kali ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, ndo maana unaangalia utabiri asubuhi, na ukisikia tahadhari ya baridi unabaki nyumbani bila kuona aibu. Lakini kuna siku nyingi tu za jua, nyuzi -5 hivi, hakuna upepo, anga bluu mpaka inauma macho, hizo ndo siku zako.

Mavazi ni matabaka. Ya ndani kabisa isiwe pamba, pamba ikishika jasho inabaki na maji na maji yanakupoza, vaa ya sufu au zile za plastiki za michezo. Juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Soksi za sufu, buti zenye nafasi kidogo maana buti ikibana damu haipiti na vidole vinaganda. Glavu zisizo na vidole, zile vidole vyote vinakaa pamoja, zina joto kuliko za vidole. Kofia inayofunika masikio. Na nunua vile vyuma vidogo vya mpira unavyovivisha chini ya kiatu ili visiteleze, sio bei kubwa na kwenye ule mwamba laini wa volkano wenye barafu juu ndo tofauti ya kurudi mzima na kurudi na mkono umefungwa.

Wakati wa theluji mashimo yenyewe yana hatari yake, theluji na barafu vinaziba ukingo huoni panapoishia, kwa hiyo baki kwenye njia na angalia kwanza tovuti ya DNR, idara ya maliasili ya Minnesota, au wapigie ofisi ya hifadhi, njia zingine hufungwa hali ikiwa mbaya. Na mto usiukanyage hata ukiuona umeganda mweupe. Pale maji yanaenda kasi chini na barafu ya mtoni hainenepi sawasawa, hapa ni nene hatua tatu mbele ni karatasi. Kumbuka pia Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mtu wa "tutatoka baada ya chakula cha mchana" amechelewa tayari. Toka saa tatu asubuhi, saa nane mko ndani ya gari na chai. Ndani ya buti ya gari weka blanketi, koleo, na simu iwe na chaji.

Machi na Aprili ni matope na mto umejaa, sehemu za chini zinaweza kuwa chini ya maji, mi huwa nasubiri mpaka Mei. Mei maua ya porini yanachanua kabla miti haijafunga kivuli, ni wiki chache tu, pazuri ajabu. Ila Mei hadi Julai ndo msimu wa kupe, wale wadogo wanaoleta ugonjwa wa Lyme, mdogo kama mbegu ya ufuta huwezi kumwona bila kutafuta. Suruali ndefu, ingiza ndani ya soksi, na mkirudi kila mtu akaguliwe nyuma ya magoti, kwapani, nywelani. Watoto wa kwetu wenye nywele za kusuka chukua muda, chambua mstari kwa mstari.

Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba majani yanageuka na kila mtu wa Minneapolis na St. Paul anajua, wikendi hizo pakingi inajaa asubuhi na mapema. Kama unafanya shifti za usiku au una siku ya mapumziko katikati ya wiki, hiyo ndo zawadi yako, nenda Jumanne.

Mwanafunzi, St. Paul: *Kuna hifadhi mbili zenye jina moja, Minnesota na Wisconsin. Nalipa wapi? Na kuna njia ya kuingia bila hela?*

Mto ndo mpaka wa majimbo, hifadhi iko pande zote mbili na kila jimbo linasimamia upande wake. Minnesota walianza 1895, Wisconsin wakafuata 1900 na hiyo ndo hifadhi ya kwanza ya jimbo lao. Watu waliipigania wakati huo kwa sababu kulikuwa na hofu kwamba ule mwamba utavunjwavunjwa kuwa kokoto. Napenda mjue hilo, maana mnapolipa kibali ndo mnaendeleza kazi ile.

Kibali ni cha gari, sio cha kichwa, mkiwa watano ndani ya gari moja ni kile kile. Minnesota kuna cha siku na cha mwaka, na hicho cha mwaka kinaingia hifadhi zote za jimbo la Minnesota. Piga hesabu, ukienda mara chache umeshakirudisha, na ukiwa nacho mkononi unajikuta unatoka hata kwa saa mbili tu kwa sababu hulipi tena. Lakini hakifanyi kazi Wisconsin ng'o. Huko wana stika yao, na gari lenye namba za jimbo lingine linatozwa zaidi. Kwa hiyo ukitaka pande zote mbili siku moja ujue ni malipo mawili.

Bure ipo. Minnesota ina siku nne kwa mwaka ambazo kiingilio cha gari hakilipwi, mojawapo ni ile Ijumaa inayofuata Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, siku ambayo wenzetu wengi mko foleni madukani. Halafu uliza maktaba ya mtaani kwako, baadhi ya maktaba Minnesota zinaazimisha kibali cha hifadhi kama zinavyoazimisha kitabu. Mwanafunzi, anzia hapo. Na kama huna gari tafuta wenzako watatu mchange mafuta, kibali mnagawana, kila mmoja hatoi hata bei ya kahawa.

Zainab, Minneapolis: *Bibi yetu anakuja toka Tanga atakaa miezi mitatu. Magoti yanamsumbua na baridi anaiogopa. Nataka aone kitu zaidi ya sebule yangu na maduka.*

Zainab mwanangu, Mungu akubariki kwa kumfikiria bibi hivyo. Wazee wengi wanaletwa huku wanakaa dirishani miezi mitatu wanarudi.

Usimpandishe kwenye ngazi za mashimo, sio lazima. Mpandishe boti. Taylors Falls kuna boti za watalii zinazopita katikati ya korongo, zimekuwepo tangu 1906, na msimu wake ni kama Mei mpaka katikati ya Oktoba. Bibi anakaa, kuta za mwamba zinampita kushoto na kulia, na mtu wa Tanga boti haimtishi. Mwambie aangalie pale mto unapokunja ghafla karibu pembe mraba, wanapaita Angle Rock. Mwaka 1886 magogo ya wakata mbao yalikwama kwenye kona hiyo, mto mzima ukaziba kwa maili kadhaa, watu wakawa wanakuja kutazama. Miti yote ile mikubwa ya misonobari ilikatwa ikateremshwa kwa maji haya haya kujenga miji. Na kabla ya wakata mbao hilo bonde lilikuwa la Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili, bado wapo, msimsimulie bibi kana kwamba nchi ilikuwa tupu.

Hata Julai mchukulie shali na kikoi cha kufunika miguu, mtoni kuna upepo. Mkishuka kuna meza za pikniki, mkeka tandika kivulini, chapati zenu na samaki wa kukaanga, chai ya tangawizi kwenye chupa. Kata tiketi mapema wikendi. Vyoo hakikisha viko wapi kabla hujamkalisha mzee, wengi tunasahau hilo na siku inaharibika.

Akija wakati wa baridi bado kuna njia, mfunike vizuri, mwendeshe taratibu mpaka mjini pale, simamisha gari pazuri aone mto na miamba yenye theluji akiwa kwenye joto la gari. Sehemu maji yasipoganda wale tai wenye kichwa cheupe huja kuvua samaki, ukibahatika atawaona bila kushuka.

Baba wa vijana wawili, Rochester: *Wanangu miaka 15 na 17 wanataka kwenda na marafiki zao kuogelea pale. Mi moyo hautulii. Pia niseme ukweli, nikifikiria sisi weusi kundi zima kwenye msitu wa wazungu naona bora tubaki Rochester.*

Mzee wangu, asante kwa kusema wazi, na haya ni maswali mawili.

La maji kwanza. Usiwaruhusu kuogelea kwenye mto pale kwenye korongo. Mto ni mwembamba, wenye kina kirefu na kasi iliyojificha, juu unauona umetulia. Kuruka toka kwenye miamba ni marufuku, na vijana wakishakuwa kundi mmoja akiruka mwingine anaona haya kubaki. Watoto wetu wengi hawakujifunza kuogelea wadogo, wakija huku wanaona wenzao wanaruka nao wanaingia, na tumeshazika vijana kwenye maziwa ya nchi hii, kila jamii yetu inajua jina la mmoja. Kama lazima maji, upande wa Wisconsin kuna ziwa dogo, Lake O' the Dalles, lina ufukwe, maji yake yametulia. Hata hapo hakuna mlinzi wa waogeleaji, kwa hiyo wewe ndo mlinzi, na wasiojua wavae maboya kifuani. Wapeleke masomo ya kuogelea kwanza, mabwawa ya kuogelea ya jamii na YMCA nyingi wanafundisha mpaka watu wazima, nenda na wewe. Mtumbwi wa kukodi unaoteremka mpaka Osceola ni mzuri kuliko kuogelea kwa umri huo, wavae maboya muda wote.

La pili. Naelewa, na sitakwambia hofu yako ni ya bure. Ila ile ardhi ni ya umma. Kodi unayokatwa kila wiki mbili ndo inalipa yule askari wa hifadhi, ndo inatengeneza ile ngazi. Mto St. Croix wenyewe serikali kuu iliuweka mwaka 1968 kwenye kundi la kwanza la mito minane ya kulindwa nchi nzima, kwa ajili ya watu wote, na watu wote ni pamoja na wewe. Mwanzo nendeni familia tatu nne pamoja, chukueni siku nzima, mkifika ingieni ofisini msalimie, muulize njia, mkishaongea na mtu mmoja mahali panapungua ugeni. DNR ya Minnesota ina programu za kufundisha wasioanza bado, kupiga kambi, kupiga kasia, wanatoa vifaa, ziko maalum kwa watu ambao hawakukulia kwenye mambo haya. Kijana wa miaka 15 akizoea kwamba huko ni kwake, hofu hiyo hatairithi.

Na mkienda kundi najua kutakuwa na nyama choma. Mkaa beba, kuna majiko ya chuma sehemu za pikniki. Kuni za nyumbani usibebe kabisa, ni marufuku, wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya kuni na wameshaangamiza miti mingi ya ash hapa, nunua kuni zilizoidhinishwa karibu na hifadhi. Muziki uwe wa kusikika mezani kwenu tu.

Furaha, Chicago: *Mimi ni wa Bukavu, niko Chicago. Minnesota ni mbali sana kwangu. Barafu hiyo haikufika huku?*

Ilifika Furaha, na ikaacha kitu tofauti. Nenda Glacial Park, karibu na Ringwood, kaskazini magharibi ya jiji, kuingia ni bure. Hapo usitafute mashimo kwenye mwamba, tafuta vilima. Barafu ilipokuwa inayeyuka maji yalidondosha mchanga na kokoto kwenye matundu yake, barafu ikaondoka, rundo likabaki limesimama, ndo kile kilima wanakiita Camelback Kame. Unapanda dakika chache, juu unaona uwanda wa nyasi na kijito cha Nippersink kinazunguka chini. Upepo hapo wakati wa baridi hauna kizuizi kabisa, yale niliyomwambia Baba Imani kuhusu koti nakwambia na wewe mara mbili.

Ukitaka kubwa zaidi vuka uende Wisconsin, Kettle Moraine. Huko ndimi mbili za barafu zilikutana zikabanana, katikati yake zikaacha safu ndefu ya matuta na mabonde ya duara. Yale mabonde ni mahali ambapo vipande vya barafu vilifukiwa na udongo, vikayeyuka taratibu, ardhi ikabonyea. Kuna njia ya miguu ya kama maili 1,200, Ice Age Trail, inayofuata alama za barafu Wisconsin nzima mpaka inaishia pale pale St. Croix tulipoanzia, na inapita Kettle Moraine. Sio lazima uitembee yote, chukua kipande cha saa moja na watoto.

Msomaji wa Nanyuki: *Kila siku Amerika Amerika. Sisi tuna Mlima Kenya hapa nyuma ya nyumba, barafu yetu bado ipo, si ya miaka elfu 10. Mbona hamuandiki?*

Umesema kweli na limenigusa. Kinachoonekana Minnesota ni mahali ambapo barafu ilishaondoka. Kwenu mtu anaweza kuona vyote viwili, bonde lililochongwa na barafu na mabaki ya barafu yenyewe juu yake, na hayo mabaki yanakwisha, barafu ya Lewis iliyokuwa kubwa kuliko zote pale imesinyaa ikabaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa 1934. Mtoto wa Nanyuki anayesoma darasa la nne leo anaweza asiikute akiwa mtu mzima. Kwa hiyo ndio, nendeni, na msisubiri mpaka mgeni awaalike.

Watu wanadhani mlima ni Point Lenana tu, mita 4,985, siku nne tano na hela ndefu. Si lazima. Kwa siku moja kupitia Naro Moru unafika kambi ya Met Station, kama mita 3,050, unatembea msituni, mianzi, ukiwa na nguvu na hali ya hewa nzuri unasogea mpaka kwenye nyasi za juu, siku ikiwa safi unaviona vilele. Ukianza mapema. Asubuhi mlima uko wazi, saa nne saa tano mawingu yanaanza kuufunika, alasiri mvua. Upande wa Chogoria kuna maporomoko ya Nithi, na wenye siku mbili wanaweza kufika kulitazama Gorges Valley toka juu, lile bonde pana lenye kuta wima na Ziwa Michaelson chini yake. Kalione hilo moja tu, hutahitaji mtu kukueleza barafu inafanya nini kwa mwamba. Wenzetu wa Moshi nao wana kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, mita 2,720, unapanda toka Marangu unarudi siku hiyo hiyo.

Masika, Aprili na Mei, mtateseka na matope, miezi mizuri ni Januari na Februari halafu Julai mpaka Septemba. Usiende peke yako, chukua mwongoza njia wa hapo hapo kwenu, mwenye leseni, na msibishane naye akisema turudi. Kichwa kikianza kuuma na kutapika juu kule, hiyo sio njaa, ni mwinuko, dawa yake ni kushuka na sio kupumzika. Kama wazazi wa shule moja mnaweza kuchanga basi, wapigieni KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi ya mlima, muulize viingilio vya wanafunzi raia kwa siku moja, tofauti na ya mtalii ni kubwa. Beba sweta, koti la mvua, chakula cha kutosha na maji, mkarudi getini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkienda nitumieni picha na mniambie njia ilikuwaje, nitaichapa hapa kwenye toleo linalofuata kwa ajili ya wa Meru na Embu walioandika swali kama lako.